Okutoyi: Dhahabu isiyofika Paris na somo lake kwa Kigamboni

MACHI 2024, mjini Accra, Ghana, Mkenya Angella Okutoyi alimshinda Lamis Alhussein Abdel Aziz wa Misri na kutwaa medali ya dhahabu ya tenisi, wanawake mmoja mmoja, katika Michezo ya Afrika. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mwanamke wa mwisho wa Kenya kupata dhahabu ya namna hiyo kabla yake alikuwa Jane Davies-Doxzon, mjini Algiers mwaka 1978.

Miezi minne baadaye, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa jijini Paris, bingwa huyo wa Afrika hakuwamo. Kenya ilipeleka wanariadha, waogeleaji na timu za wavu na raga, lakini mcheza tenisi hakuwepo hata mmoja. Kanuni za kufuzu zilimtaka bingwa wa Afrika awe pia miongoni mwa wachezaji 400 bora duniani ifikapo Juni 10, 2024, na Okutoyi alikuwa bado hajafika huko.

Kwa juu juu, habari hiyo ni ya Nairobi na Accra. Lakini kwa mzazi wa Kibada, Mjimwema au Tungi, upande wa Kigamboni, mwenye binti anayependa raketi, ni habari ya karibu sana. Safari ya Okutoyi inaonyesha kwa uwazi kuliko nyingine yoyote katika ukanda huu wapi njia ya mchezaji wa Afrika Mashariki inapita, wapi inakatika, na nani anayeweza kuiunganisha.

Okutoyi alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki wakati wa kujifungua, wakalelewa na bibi. Bibi huyo alikuwa mfanyakazi katika shule ya Loreto Convent Valley Road jijini Nairobi, na shule hiyo ilikuwa na viwanja vya tenisi. Hapo ndipo mtoto asiyekuwa na uwezo wa kulipia kiingilio cha klabu yoyote alipoanza kushika raketi akiwa bado mdogo kabisa.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Kipaji kilikuwapo, bidii ilikuwapo, lakini kilichofungua mlango kilikuwa sadfa: bibi aliajiriwa mahali penye uwanja. Angeajiriwa shule isiyokuwa na uwanja, pengine leo jina la Okutoyi lisingejulikana nje ya mtaa wake.

Baada ya hapo alipita mikononi mwa mfumo wa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF), kwanza katika kituo cha Nairobi, kisha katika kituo cha Casablanca, Morocco. Mwaka 2021 akawa bingwa wa Afrika kwa vijana wa chini ya miaka 18, baada ya kumshinda Aya El Aouni wa Morocco katika fainali. Januari 2022 akaenda Melbourne kwenye mashindano ya vijana ya Australian Open, akamtoa Federica Urgesi wa Italia na kuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano makubwa ya vijana. Akashinda na raundi ya pili kabla ya kusimamishwa katika ya tatu.

Julai mwaka huohuo, kwenye nyasi za Wimbledon, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili. Katika fainali waliwashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko 3-6, 6-4 na 11-9 katika seti ya kuamulia. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la vijana la ngazi hiyo kabla yake.

Wachezaji wanne walisimama katika uwanja mmoja siku ile. Mmojawapo wa walioshindwa, Victoria Mboko, ni binti wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Alizaliwa Marekani na kukulia Kanada. Mwanzoni mwa mwaka 2025 alikuwa nje ya 300 bora duniani. Kufikia Agosti mwaka huo alikuwa bingwa wa mashindano ya wazi ya Kanada mjini Montreal, akiwa amewatoa Coco Gauff, Elena Rybakina na, katika fainali, Naomi Osaka. Taji hilo moja lilimpatia zaidi ya dola 750,000 za Marekani.

Itakuwa makosa kusema kwamba kilichowatenganisha Mboko na Okutoyi ni vipaji vyao. Mboko ni mdogo kwa miaka zaidi ya miwili, na ukuaji wa kila mchezaji una mwendo wake. Lakini ni kweli pia kwamba Mboko alikuwa na shirikisho la nchi tajiri nyuma yake, lenye vituo vya mafunzo, makocha wa kudumu na mashindano ya ngazi zote karibu na nyumbani. Alipoamua kuingia moja kwa moja katika tenisi ya kulipwa, alikuwa na wa kumshika mkono alipoumia na alipopoteza michezo.

Okutoyi hakuwa na mgongo wa namna hiyo. Januari 2023, miezi sita tu baada ya Wimbledon, alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, kwa ufadhili wa masomo. Wapo waliouliza kwa nini bingwa wa Wimbledon arudi darasani badala ya kuanza kuvuna fedha. Jibu limo katika hesabu.

ITF ilipofanya tathmini ya tenisi ya kulipwa kwa kutumia takwimu za mwaka 2013, ilikuta kwamba kati ya wachezaji wanawake 4,862 walioshiriki mashindano ya kulipwa mwaka huo, 2,212 hawakupata zawadi hata senti moja. Gharama za wastani za mchezaji mwanamke kwa mwaka, bila kumlipa kocha, zilikadiriwa kuwa dola 40,180. Ili mapato yalingane na gharama, mchezaji alihitaji kuwa karibu na nafasi ya 253 duniani.

Kwa maneno mengine, mchezaji wa 400 duniani, ambaye katika soka angehesabiwa kuwa nyota, katika tenisi alikuwa akicheza kwa hasara. Mashindano ya chini kabisa ya wanawake katika ngazi ya kulipwa yana zawadi ya jumla ya dola 15,000. Bingwa huondoka na dola zisizozidi sana 2,300, na anayetolewa raundi ya kwanza hupata kiasi kinachokaribia dola 150. Fedha hiyo haitoshi kulipia nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Cairo, achilia mbali hoteli na chakula cha wiki nzima.

Mtoto wa tajiri huweza kubeba hasara hiyo kwa miaka minne au mitano hadi apande. Mtoto wa shirikisho tajiri hubebwa. Mtoto aliyelelewa na bibi mwenye mshahara wa mfanyakazi wa shule hawezi. Hapo ndipo chuo cha Marekani kinapoingia.

Kwa miaka mingi, kila timu ya tenisi ya wanawake katika daraja la kwanza la vyuo vya Marekani iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili kwa wachezaji wanane. Timu ya wanaume iliruhusiwa ufadhili unaolingana na wanne na nusu tu. Tofauti hiyo ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Kuanzia msimu wa 2025/26 utaratibu ulibadilika: vyuo vilivyokubali mfumo mpya viliacha kuhesabu ufadhili na kuanza kuhesabu wachezaji waliosajiliwa katika timu. Hata hivyo, wasichana wengi wa Afrika walikwisha kupita katika mlango ule.

Ufadhili kamili una maana ya ada, malazi, chakula, kocha, daktari, mazoezi ya viungo na safari za mashindano ya chuo. Kwa mchezaji anayetoka Nairobi au Dar es Salaam, hiyo ni kama kupewa shirikisho dogo la kumlea kwa miaka minne, na mwishoni akapewa shahada.

Tena njia hiyo si ya walioshindwa. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alipitia Chuo Kikuu cha Illinois kabla ya kufika fainali ya US Open mwaka 2017 na ya Wimbledon mwaka 2018. Paul Wekesa wa Kenya alipitia Chuo cha Chapman, California, na mwaka 1995 akafika nafasi ya 100 duniani.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa Mayar Sherif wa Misri. Alihitimu Chuo Kikuu cha Pepperdine, California, mwaka 2018. Mwaka 2019 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Rabat na kwa ushindi huo akajipatia tiketi ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2022 akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa taji la WTA, mjini Parma, Italia, na mwaka 2023 akafika nafasi ya 31 duniani.

Kwa hiyo Sherif na Okutoyi wote walipitia chuo na wote walitwaa dhahabu ya Afrika. Mmoja alikwenda Olimpiki na mwingine akabaki. Tofauti yao inaeleza kiini cha tatizo.

Orodha ya wachezaji bora wa dunia huhesabiwa kwa matokeo ya majuma 52 yaliyopita. Anayekaa bila kucheza mashindano yanayotambuliwa huona alama zake zikifutika moja baada ya nyingine. Msimu mkuu wa tenisi ya vyuo huchezwa kati ya Januari na Mei, na michezo ya timu za vyuo haimpi mchezaji alama yoyote katika orodha ya WTA, hata akishinda yote. Mwanafunzi hubakiwa na likizo ya kuanzia Juni hadi Agosti, siku chache za Desemba, na nafasi za hapa na pale wakati wa muhula wa kwanza.

Okutoyi alitwaa dhahabu katikati ya msimu huo wa chuo. Kati ya fainali ya Accra na siku ya mwisho ya kuhesabu viwango kulikuwa na majuma yasiyofika 12, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya chuo. Sherif aliposhinda Rabat alikuwa amekwisha kuhitimu, na alikuwa huru kucheza kila wiki.

Kuna jambo la pili. Kwa Mmisri, mashindano ya kutafutia alama yalikuwa mlangoni. Kwa miaka mingi Cairo na Sharm El Sheikh nchini Misri, pamoja na Monastir nchini Tunisia, zimekuwa zikiandaa mashindano ya chini ya ITF karibu wiki hadi wiki. Mchezaji wa huko hulala nyumbani au hupanda basi. Mchezaji wa Nairobi hupanda ndege. Wa Kigamboni hali kadhalika.

Chuo basi humpa mchezaji maskini usalama, lakini humdai wakati. Okutoyi alilipa deni hilo kwa kukosa Paris. Kanuni za vyuo nazo zilikaza kamba upande wa fedha. Kwa miaka mingi, mchezaji aliyekwisha kujiunga na chuo hakuruhusiwa kuchukua zawadi ya mashindano zaidi ya gharama zake halisi za kushiriki. Machi 2024, mchezaji wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Reese Brantmeier, alifungua kesi kupinga kanuni hiyo, baada ya kulazimika kuachia sehemu kubwa ya fedha alizozipata US Open mwaka 2021 akiwa bado sekondari. Mwanafunzi wa kigeni hubanwa zaidi, kwani viza yake ya masomo humzuia kufanya kazi nyingi za matangazo ya biashara ambazo wenzake Wamarekani waliruhusiwa kuanzia Julai 2021.

Je, hayo yote yanaihusu vipi Kigamboni?

Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya kufanywa wilaya inayojitegemea. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na tangu hapo makazi yameongezeka kwa kasi. Ardhi bado ipo, ingawa inapungua kila mwaka. Kwa upande wa soka, Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilijenga kituo cha ufundi hukohuko kwa msaada wa FIFA. Hilo linaonyesha kwamba shirikisho likiwa na mpango na likajua fedha za kimataifa zinakopatikana, Kigamboni inaweza kupokea miundombinu ya michezo ya kiwango cha juu.

Tenisi haijapata bahati hiyo. Viwanja vya Dar es Salaam viko zaidi katika klabu za wanachama na hoteli. Klabu ya Gymkhana, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitovu cha mchezo huu jijini, haiko mbali na Feri: mtoto wa Kigamboni akishuka kwenye pantoni anaweza kufika kwa miguu. Kinachomzuia ni geti, ada ya uanachama na bei ya raketi. Kwa muda mrefu mtoto wa maskini ameingia katika viwanja kama hivyo kama muokota mipira, akajifunza kwa kutazama na kucheza jioni wenyewe walipoondoka. Njia hiyo imetoa watu wenye vipaji, lakini nayo ni sadfa kama ile ya Loreto. Taifa haliwezi kupanga maendeleo ya mchezo kwa kutegemea bibi ya nani ameajiriwa wapi.

Wapo watakaosema kwamba Kigamboni ina shida kubwa kuliko tenisi: maji, barabara za ndani, madarasa. Hoja hiyo ina nguvu, na hakuna anayedai kwamba raketi itangulie dawati. Lakini uwanja mmoja wa saruji katika shule ya sekondari, wenye urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97, unaweza pia kutumika kwa netiboli na wavu. Ukuta wa kupigia mpira haugharimu zaidi ya ukuta mwingine wowote. Na faida yake haipimwi kwa idadi ya mabingwa wa Wimbledon.

Hapo ndipo somo la Okutoyi linapopata maana pana. Katika soka, kijana anayekosa mkataba akiwa na miaka 20 mara nyingi hubaki mikono mitupu. Katika tenisi, kijana wa kiwango cha kati ambaye hatafika 500 bora duniani bado anaweza kupata chuo, na akitoka huko bila taji lolote, ametoka na shahada. Ni moja kati ya ngazi chache za michezo ambazo anayeshindwa kufika juu haanguki hadi chini.

Lakini ngazi hiyo ina masharti, na wengi huikosa kwa kutoyajua. Vyuo vya daraja la kwanza vimekuwa vikidai masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye matokeo yanayokubalika. Zaidi ya hapo, kanuni ya tenisi kwa miaka mingi imesema kwamba mchezaji anayekaa zaidi ya miezi sita baada ya kumaliza sekondari, huku akicheza mashindano rasmi, hupoteza msimu wa kuchezea chuo. Kijana wa Tanzania anayemaliza Kidato cha Sita na kukaa nyumbani mwaka mzima akisubiri bahati, anaweza kujikuta ameifunga njia mwenyewe. Kujua hilo hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtu mmoja katika Chama cha Tenisi Tanzania (TTA) mwenye kazi ya kuwaeleza wazazi na walimu mapema, mtoto angali Kidato cha Pili.

Jambo la mwisho ni mashindano. Dar es Salaam imewahi kupokea vijana wa Afrika Mashariki katika mashindano ya kanda. Nairobi imekwisha kuandaa mashindano ya wanawake ya ngazi ya kulipwa. Kama Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali zingekubaliana kuandaa mashindano ya dola 15,000 kwa majuma yanayofuatana kati ya Juni na Agosti, mwanafunzi anayerudi likizo kutoka Marekani angeweza kucheza mwezi mzima bila kuvuka Sahara. Alama ambazo Okutoyi alizihitaji kabla ya Juni 10, 2024 zingeweza kutafutwa katika likizo ya mwaka 2023, kwa nauli ya basi.

Gharama ya kuandaa wiki moja ya namna hiyo, pamoja na waamuzi, mipira na malazi ya maofisa, inazidi zile dola 15,000 za zawadi. Hata hivyo ni fedha ambayo benki au kampuni ya simu hutumia katika matangazo ya msimu mmoja. Misri na Tunisia ziliona mapema kwamba fedha inayowekwa katika mashindano ya nyumbani humhudumia kila mchezaji wa nchi, wakati fedha inayowekwa katika tiketi ya ndege humhudumia mmoja.

Okutoyi amefanya sehemu yake. Amethibitisha kwamba msichana aliyeanzia pembeni ya kazi ya bibi yake anaweza kushinda Melbourne, Wimbledon na Accra. Katika historia ya ukanda huu hakuna hoja tena ya kusema kwamba tenisi si mchezo wa watoto wa kwetu. Kilichobaki kiko mikononi mwa vyama vya tenisi, halmashauri na wafadhili: kuamua kama msichana wa Kigamboni atasubiri sadfa nyingine, au atakuta uwanja shuleni, mtu wa kumweleza kanuni, na mashindano upande wa pili wa daraja.